Wenye Biashara Lamu Wana Deni kwa Wasio na Makao

Ukimwuliza mwenyeji wa Lamu kama mjini mwao mna watu wasio na makao, yamkini atatikisa kichwa na kukuelekeza Mombasa au Nairobi. Huko ndiko waliko wanaojifunika maboksi chini ya madaraja, na huko ndiko waliko watoto wanaonusa gundi kwenye vituo vya matatu. Jibu hilo halikosi msingi. Hesabu ya familia za mitaani iliyofanywa nchini mwaka wa 2018 ilipata watu zaidi ya 46,000. Kati yao zaidi ya 15,000 walikuwa Nairobi na zaidi ya 7,000 Mombasa. Lamu ni kaunti ndogo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilikuta humo watu 143,920, na mji wake mkuu ni mji ambamo kila mtu hujulikana ni mjukuu wa nani. Katika mji wa namna hiyo mtu atalalaje nje?

Hulala. Hulala kwenye daka la nyumba ya watu, akaondoka kabla mwenye nyumba hajafungua mlango kwenda kusali alfajiri. Hulala ndani ya mashua iliyopandishwa ufukoni kungoja kukalafatiwa. Hulala kwa shangazi mwezi wa kwanza, kwa ami mwezi wa pili, na kwa rafiki ya ami mwezi wa tatu, hadi mkeka wake uanze kuonekana kuwa mzigo ndani ya chumba kile. Mhesabuji anayepita usiku mmoja na tochi mkononi hawezi kumwona mtu kama huyo, na kwa kuwa hakuonekana, huandikwa kuwa hayupo.

Wiyoni ni mojawapo ya mitaa iliyokua nje ya mji wa mawe, kama zilivyokua Kashmir na Kandahari. Haimo katika njia ambayo wageni hutembezwa na picha zake hazimo katika kadi zinazouzwa madukani. Aliye na jicho la kuona, akipita katika mitaa hii ya pembezoni, atakuta kuta za mawe zikitazamana na kuta za udongo, mabati karibu na makuti, na vyumba vya kupanga ambamo watu wa nyumba mbili hugawana pazia moja. Katika mitaa ya aina hii ndimo tatizo la makao linamojificha, na ndimo linamopasa kutafutwa.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba wafanyabiashara wa Lamu, kuanzia mwenye hoteli ya ghorofa tatu hadi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, wanapaswa kushirikiana na mashirika ya hisani, misikiti na makanisa ili kuwapatia watu hawa pa kulala pa kudumu. Sisemi hivyo kwa sababu wana huruma kuliko wengine. Nasema hivyo kwa sababu wana deni, na deni hilo lina historia ambayo ni vyema walimu na wanafunzi waifahamu.

Nyumba ya mawe ya Lamu haikuwa mali ya kuuzwa na kununuliwa tu. Ilikuwa dhamana ya ukoo, na hasa dhamana ya mwanamke. Mzee aliyejaliwa mabinti alijitahidi kumpa kila mmoja nyumba siku ya kuozwa kwake. Asipoweza nyumba nzima, alimjengea ghorofa juu ya paa lake mwenyewe. Nafasi ya juu ilipokwisha, alivuka njia kwa kujenga wikio, kile chumba kilicho juu ya kichochoro ambacho wageni hukipiga picha bila kujua kwamba kilikuwa jibu la swali la makao. Mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Ndoa ikivunjika, yeye ndiye aliyetoka na sanduku lake, naye mama na watoto wakasalia chini ya paa lao. Kwa utaratibu huo mwanamke aliweza kukosa mengi, lakini hakukosa pa kuweka kichwa. Mwanamume aliyeachana na mkewe alirudi kwa mama yake au kwa dada yake, maana nao walikuwa na nyumba.

Utaratibu huo uliathirika polepole na bila kelele. Nyumba ya matumbawe hutaka chokaa, boriti na fundi ajuaye kazi yake, na vyote vitatu vimekuwa ghali. Mwenye nyumba anapofariki, mirathi hugawanywa kwa warithi kumi au kumi na watano, wengine wakiwa Mombasa na wengine Uarabuni, na hakuna hata mmoja awezaye kuwanunulia wenzake hisa zao. Akija mgeni na fedha taslimu, njia nyepesi ni kuuza. Kuanzia miaka ya 1970, na kwa kasi kubwa zaidi katika miaka ya 1990 na 2000, nyumba nyingi za Shela na nyingine za Mkomani zilipita katika mlango huo. Mwaka wa 2001 UNESCO iliutangaza Mji wa Kale wa Lamu kuwa urithi wa dunia. Ilikuwa heshima kubwa, na heshima hiyo ikapandisha bei. Fedha za mauzo ziligawanywa, kila mrithi akapata fungu ambalo halikutosha kununua hata chumba kimoja katika nyumba aliyozaliwa. Ndipo safari ya kuelekea pembezoni ilipoanza. Kilichokuwa chumba cha harusi cha binti leo ni chumba cha mgeni anayelipa kwa usiku.

Sitaki nieleweke kuwa nawalaumu walionunua kwa haki, wala waliouza kwa shida. Kuna nyumba ambazo zingekuwa magofu leo kama si wageni hao, na kuna mafundi wa Lamu waliosomesha watoto kwa kazi ya kuzikarabati. Hata hivyo, biashara ya utalii ya mji huu imesimama juu ya nyumba zilizokuwa makao ya watu. Mwenye biashara anayeuza uzuri wa daka, zidaka na wikio anauza akiba ambayo hakuiweka yeye. Si haki kwake kusema kwamba mjukuu wa aliyejenga wikio, anayelala leo kwa zamu katika chumba cha kupanga, ni jukumu la serikali peke yake.

Wako wengine pia ambao hawakuwa na nyumba ya mawe hata siku moja. Wakati wa vita vya mashifta, katika miaka ya 1960, Wabajuni wengi walivihama vijiji vyao vya kaskazini, upande wa Kiunga na visiwa vya karibu, wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa. Wengi hawakurudi, na mashamba yao yaligeuka kuwa msitu. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka wa 1991, walikuja ndugu zao wengine kwa majahazi. Juni 2014 yalitokea mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani ambayo yaliwaua watu zaidi ya 60, na maelfu wakahama. Kila wimbi la namna hiyo huacha watu fulani ambao kambi ikifungwa na magazeti yakinyamaza hubaki wakitangatanga kwa jamaa.

Na wako wavuvi. Katika miaka hiyo hiyo ya misukosuko, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa ajili ya usalama, na anayejua bahari anajua kwamba kuna samaki wasiovuliwa mchana. Ujenzi wa bandari ya LAPSSET, uliozinduliwa Machi 2012, ukachukua maji waliyoyazoea. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, meli zikatia nanga, na wavuvi walikuwa wangali wakiulizana habari za fidia. Mwenye mapato ya siku asipovua wiki mbili hukosa kodi ya chumba, na akikosa kodi miezi miwili, vyombo vyake huwekwa nje. Hivyo ndivyo mtu mzima, mwenye mikono miwili na ufundi wa kurithi, anavyojikuta hana makao.

Tuwe wakweli: hisani haikosekani Lamu. Ramadhani inapoandama, mifuko ya unga, mchele na tende hugawanywa kila mtaa. Moto ukiteketeza nyumba za makuti, kabla jivu halijapoa huwa kumekwisha kuchangwa mablanketi, sufuria na nguo. Hayo ni mema na Mola awalipe watoaji. Lakini tazama mwendo wa hisani hiyo. Huja na bango lenye jina la kampuni, huja na mpiga picha, na huondoka jua likitua. Blanketi si paa. Aliyeunguliwa na nyumba husaidiwa kwa wiki mbili kisha hurudi pale pale, akajenga kwa makuti yale yale, akingoja moto mwingine. Na mwaka unaofuata mfanyabiashara yule yule humletea blanketi jingine. Ukijumlisha gharama ya mablanketi ya miaka kumi, huenda ukapata bei ya mabati na mawe ambayo yangeliondoa haja ya blanketi la pili.

Hapa ndipo umuhimu wa ushirikiano unapoonekana. Mfanyabiashara ana fedha na vifaa, lakini hana nafasi ya kufuatilia maisha ya mtu. Shirika la hisani linajua kufuatilia, lakini kila mwaka hukaa roho juu likingoja mfadhili wa ng'ambo ajibu barua. Kila mmoja anacho anachokikosa mwenziwe. Wakikutana siku moja kwa mwaka kupiga picha, nguvu zao hupotea. Wakikutana kila mwezi juu ya daftari moja la hesabu, mambo hubadilika.

Wazo hili halikutoka Ulaya, ijapokuwa huko nako lipo. Kila mwanafunzi wa Lamu analijua jina la Habib Swaleh, mwanachuoni aliyekuja kutoka Ngazija katika karne ya kumi na tisa akaanza kuwasomesha watu ambao wenye nasaba kubwa wa wakati ule hawakuona haja ya kuwasomesha, wakiwemo waliokuwa watumwa na wageni wasio na ukoo mjini. Hakukaa Mkomani katika nyumba za mawe. Alikaa Langoni, mtaa wa makuti. Ardhi ilipopatikana ikawekwa wakfu, na juu yake ukasimama Msikiti wa Riyadha, ambao umewapokea na kuwapa malazi wanafunzi kutoka pembe nyingi za Afrika Mashariki. Alifariki mwaka wa 1935, na mlango ule haujafungwa. Siri yake ni neno hilo moja, wakfu. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, na haiwezi kurudishwa mfukoni mwaka ambao biashara ni mbaya.

Ng'ambo ya mpaka kuna mfano mwingine ambao vitabu vya historia huupita haraka. Sewa Haji Paroo alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1851 na kutajirika Bagamoyo kwa kuiandalia misafara ya bara bidhaa na wapagazi. Kabla hajafa mwaka wa 1897 alikuwa ametoa fedha za kujengea hospitali Dar es Salaam, na huko Bagamoyo alijenga shule akaikabidhi kwa utawala wa Kijerumani kwa sharti kwamba ipokee watoto wa rangi zote. Alikuwa Mwismailia, lakini hakuona haya kusaidiana na wamisionari wa Kikatoliki katika kuwatunza wagonjwa wa ukoma ambao hakuna mtu aliyetaka kulala nao chini ya paa moja. Mali yake isiyohamishika aliiacha ili mapato yake yaendelee kuwahudumia. Mtu anaweza kuuliza, na aulize, ni wapagazi wangapi walivunjika migongo ili utajiri ule upatikane. Swali hilo halifuti jengo la Muhimbili linaloitwa kwa jina lake. Linatufundisha tu kwamba hisani na deni ni ndugu wa karibu.

Kuhusu Ulaya nitataja Finland peke yake. Mwaka wa 1985 miji mikubwa ya nchi hiyo, kanisa la Kilutheri, Msalaba Mwekundu, chama cha wafanyakazi wa ujenzi na chama cha waajiri wa ujenzi viliungana vikaunda wakfu wa nyumba uitwao Y-Säätiö. Wakfu huo hununua na kujenga nyumba, kisha huwapangisha wasio na makao kwa mkataba wa kawaida kama mpangaji yeyote. Tangu mwaka wa 2008 sera ya nchi ikawa kumpa mtu nyumba kwanza, ndipo ahudumiwe kwa ulevi wake, maradhi yake au ukosefu wake wa kazi, wala si kumtaka ajirekebishe akiwa barabarani ndipo azawadiwe ufunguo. Mwaka ule watu zaidi ya 8,000 hawakuwa na makao. Kufikia mwaka wa 2023 walikuwa chini ya 4,000. Mwaka wa 2024 idadi ilipanda tena kidogo, jambo linaloonyesha kuwa kazi ya namna hii hairuhusu kulala. Finland ni tajiri, nakubali. Lakini ukiangalia walioketi mezani mwaka ule wa 1985, utaona kwamba wote wana wenzao Lamu: kuna serikali ya kaunti, kuna misikiti na makanisa, kuna Msalaba Mwekundu, kuna mafundi, kuna wauza mawe na mbao.

Tuchukue mfano wa hesabu ya darasani. Wenye maduka, hoteli na mashua 100 wakitoa shilingi 500 kila mwezi, mfuko utapata shilingi 50,000 kwa mwezi na 600,000 kwa mwaka. Hiyo si fedha ya kumtikisa mwenye hoteli. Wachimba mawe wa Manda Maweni wakiongeza shehena kidogo, mwenye jahazi akabeba bila kutoza wakati anarudi mtupu, na muuza mabati akatoa kwa bei aliyonunulia, vyumba vitatu au vinne vya mawe vitasimama kila mwaka. Baada ya miaka kumi mtaa kama Wiyoni utakuwa na vyumba zaidi ya thelathini ambavyo hakuna mwenye nyumba anayeweza kumtoa mtu humo ili ampangishe mwingine kwa bei ya juu. Mpangaji naye alipe, hata kama ni kidogo sana, maana mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayelipa ana ulimi wa kudai paa likivuja.

Kizingiti kikubwa ni ardhi. Pwani yetu ina desturi ya ajabu ambayo mwanasheria wa bara hushangaa anapoisikia, kwamba mtu humiliki nyumba asimiliki ardhi iliyo chini yake. Shirika likimjengea mjane nyumba juu ya kiwanja kisicho na hati, huenda limemjengea mwenye hati ambaye hajajitokeza. Na Lamu ndiko ambako mwaka wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22, wakati ambapo wenyeji waliozikwa na babu zao hapo hawana kipande cha karatasi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ushirikiano wowote haipaswi kuwa tofali. Ni kiwanja chenye hati, kilichowekwa wakfu kwa njia inayotambuliwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Wakfu mwaka wa 2022, na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka wa 2013 hatimaye ilianza kutumika Mei 2024. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni mfanyabiashara wa kwanza atakayesema kiwanja changu fulani, kile nilichokuwa nikikingojea kipande bei, nakitoa.

Wapo watakaouliza, mbona hatuiachii serikali? Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Isitoshe, kila mwalimu anayesoma makala haya hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu chini ya sheria ya Machi 2024, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Swali ni la haki. Lakini nyumba zile ni za kununuliwa kwa malipo ya pole pole, na hamali asiye na hati ya mshahara si rahisi kuyamudu. Serikali idaiwe, tena kwa sauti. Wakati inadaiwa, mvua hainyeshi kwa zamu. Ni vizuri pia tukumbuke kwamba kwa miaka mingi jibu la dola kwa asiye na makao lilikuwa sheria ya uzururaji tuliyorithi kwa mkoloni, ambayo iliruhusu mtu kukamatwa kwa sababu tu hana kazi wala pa kulala. Haikufutwa hadi mwaka wa 1997.

Wenye biashara nao wana malalamiko yao. Watasema kwamba utekaji nyara wa mwaka wa 2011 kule Kiwayu na Manda uliwafukuza wageni, mashambulizi ya 2014 yakarudisha marufuku ya kutembea usiku, na mwaka wa 2020 korona ikamalizia yaliyobaki. Yote hayo ni kweli. Katika misimu hiyo mibaya, hata hivyo, nani alipoteza chumba kwanza? Ni mpishi, mfuaji nguo, nahodha wa kukodiwa na kijana wa kubeba mizigo gatini. Hoteli ilifungwa ikangoja. Mfanyakazi hakuwa na pa kungojea. Mwajiri mwenye busara angeona kwamba mfuko wa makao ni bima ya wafanyakazi wake kabla ya kuwa sadaka kwa wengine.

Nina hofu mbili ambazo sitazificha. Ya kwanza ni kwamba maskini watageuzwa tangazo la biashara. Ikiwa kila mlango wa chumba utabandikwa nembo ya hoteli, mtoto atakayelala humo atakuwa anaishi ndani ya bango. Jina la mtoaji liandikwe katika daftari la hesabu litakalosomwa hadharani kila mwaka, na hapo patosha. Ya pili ni upendeleo. Katika mji ambao sote ni jamaa, funguo za kwanza zitakwenda kwa mpwa wa mwenyekiti isipokuwa wachaguzi wawe watu wasioweza kununulika, na masharti yaandikwe kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Nao vijana wa dawa za kulevya? Hapa ndipo mijadala mingi ya hisani hunyamaza. Heroini imekuwa Lamu kwa miongo kadhaa, na baadhi ya wanaolala nje mjini ni vijana waliofukuzwa na wazazi waliochoka kuibiwa. Hakuna atakayewapangisha. Mfadhili hupendelea mjane na yatima, kwa kuwa picha yao haina lawama. Lakini kijana asiye na mahali pa kuoga wala pa kuhifadhi dawa zake za hospitali hawezi kudumu na matibabu, na mji hauwezi kumtibu mtu usiyejua atalala wapi kesho. Ushirikiano wowote utakaomwacha nje utakuwa umechagua kazi nyepesi.

Nitaeleza jambo moja kwa pembeni, na wenyeji wasikasirike. Tangu mwaka wa 1987 Lamu ina kituo cha hisani kinachowatibu punda bila malipo. Kituo hicho kinafanya kazi njema. Punda ndiye gari la mji ule na anastahili kuhurumiwa. Ninachokiona cha kusomwa ni namna kilivyofanikiwa: kina mahali pake, kina watumishi wa kudumu, kina wafadhili wanaojua kila mwaka wanalipia nini. Punda mgonjwa wa Lamu anajulikana atapelekwa wapi. Mzee aliyetolewa chumbani Wiyoni kwa kukosa kodi hajulikani atapelekwa wapi.

Walimu wana nafasi katika jambo hili ambayo si ya kuchangisha fedha, maana mifuko yao tunaijua. Mwalimu ndiye wa kwanza kujua. Ndiye anayeona mtoto aliyekuja na sare isiyofuliwa kwa sababu ndoo imebaki kwa jirani, au aliyeandika anwani tatu tofauti katika muhula mmoja, au anayesinzia darasani kwa kuwa usiku walilala watu saba katika chumba cha watu wawili. Kazi ya nyumbani hupewa mtoto kana kwamba kila mtoto ana nyumba. Wanafunzi wa sekondari nao, ambao kila mwaka huandikishwa insha kuhusu matatizo ya jamii na kuzijaza chokoraa wa Nairobi ambao hawajapata kuwaona, wangeweza kupewa kazi ya kuuliza katika mitaa yao wenyewe: nani alilala wapi mwezi uliopita, alilipa nini, na kwa nini aliondoka. Bila kutaja majina, maana siri ya mtu ni nguo yake.

Daftari kama hilo, lililokusanywa kwa uangalifu katika shule mbili au tatu na kuwekwa mbele ya wenye hoteli, wenye maduka na viongozi wa dini wakiwa chumba kimoja, lingekuwa gumu kulikimbia kuliko hotuba yoyote. Wenye hoteli wanajua kuhesabu vitanda; hiyo ndiyo kazi yao ya kila jioni. Waonyeshwe idadi ya vitanda vinavyokosekana Wiyoni, kisha waulizwe kila mmoja, kwa jina na kwa maandishi, atavilipia vingapi na kuanzia mwezi gani.